Sentimita Tano za Mbele

Rajabu alizungusha usukani mpaka ukagota, na pikapu ikaendelea kwenda mbele kana kwamba hakuna mtu aliyeushika. Ilikuwa saa nne asubuhi, lami kavu, kwenye mteremko wa kuelekea Kidodi, kona ya kulia ambayo Rajabu ameipita mara nyingi kuliko mlango wa nyumba yake. Nyuma alikuwa anavuta tela la kulala wageni, lile lenye vitanda, jiko na tangi la maji. Pikapu ilitoka barabarani, ikavuka mtaro, ikasimama ndani ya miwa, boneti imekunjamana. Wageni wawili walitoka na michubuko. Rajabu alitolewa akiwa amevunjika nyonga.

Ripoti ya kampuni inasema mwendo kasi. Springi za nyuma za pikapu ile nilizifunga mimi, siku mbili kabla ya safari, na nina la kusema kuhusu usukani ule. Lakini nikianzia hapo mtadhani nimekaa kujitetea. Nitaanzia nilipoanzia kazi.

Ninyi mliobaki gereji mliniomba, siku ile ya soda na keki, niwaandikie mambo niliyojifunza. Mkasema yawe mazuri mazuri. Mazuri ni machache na nitayaweka yanapostahili. Vyeo na mishahara nitaviruka, hata wakati ule havikunichukulia muda.

Nilianza kazi ya springi Kidodi, kwenye gereji ya mabati iliyohudumia malori ya miwa. Babu yangu alitoka Songea kuja Kimamba kukata mkonge, baba yangu akapiga nyundo kwenye reli pale Kilosa, nami nikaenda kulala chini ya malori. Mama alisema angalau mimi nafanyia kazi kivulini. Aliyenipokea ni Mzee Yahaya, fundi aliyetoka karakana ya reli, mtu mfupi mwenye masikio makubwa ambaye hakuamini chochote alichoambiwa na mwenye gari.

Siku ya kwanza sikushika spana. Alinipa nyundo ndogo, akanionyesha lori lililosimama, akasema niingie chini nigonge springi zote kisha nije nimweleze.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii: springi ya nyuma ya lori au pikapu ni vipande vya chuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikafungwa katikati kwa bolti moja. Sisi tunaviita majani. Niligonga majani yote, nikatoka vumbi mpaka kwenye kope.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Chuma, Mzee."

"Chuma! Na ukienda kanisani utaniambia umesikia watu. Rudi chini."

Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu nikasikia: majani mengine yalilia, moja lilinyamaza. Lilitoa sauti fupi, kama sufuria iliyopasuka. Mzee Yahaya akaingia mwenyewe, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha uzi mwembamba wa kutu, mwekundu, umekata jani nusu. Ufa hutoa kutu pale maji yanapoingia na kutoka. Mpaka leo, kabla sijaamini macho yangu, natafuta ule uzi mwekundu. Nanyi utafuteni. Anayewaambia springi ni nzima kwa kuangalia kutoka juu anawauzia maneno.

Sasa nieleze kosa letu, maana ndilo lililozaa mengine yote. Kidodi na Ruaha dawa ya springi ilikuwa moja: lori likilala nyuma, ongeza jani. Kazi hiyo tuliiita kunyanyua mkia. Mwenye lori alikuja, akasimama hatua kumi nyuma ya gari tupu, akafumba jicho moja. Akiona mkia umekaa juu kuliko kichwa, aliridhika na kuondoka. Akiona uko sawa, alisema fundi hajafanya kitu. Tulifundishana hivyo miaka yote, na kwa miwa haikuwa na ubaya mkubwa, kwa sababu miwa hukaa juu ya ekseli. Uzito unashuka pale pale springi ilipo.

Mzee Yahaya peke yake ndiye aliyekuwa akiwafukuza. "Niletee na mzigo wake," aliwaambia. "Gari tupu nitalipima la nini? Tupu lipime ukiwa unaliuza." Wengi walikwenda gereji ya jirani. Alikufa akiwa na wateja wachache wenye malori mazima. Sikujua wakati huo kwamba alikuwa ananifundisha kitu. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Baadaye nikahamia Mikumi, kwenye kampuni ya kutembeza wageni. Magari yalikuwa safi, chini kuna sakafu ya saruji, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na jeki isiyovuja. Tela la kwanza la kulala wageni lilipoletwa, uani palijaa watu kama harusini. Lilikuwa na pazia. Mpishi alitaka kujua kama lina choo.

Tulipolifunga kwenye pikapu, mkia wa pikapu ukalala. Nilijua dawa. Nikaongeza majani mawili kila upande, mkia ukapanda, watu wakapiga picha. Dereva aliyepewa kulijaribu ni Rajabu, wakati huo kijana aliyetoka kuendesha basi dogo la Kilosa. Alikwenda mpaka kwenye matuta ya ndani ya hifadhi, akarudi, akanikuta nakunywa chai.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Gari linasemaje?"

"Halisemi kitu, ndiyo shida. Usukani umekuwa wa baiskeli ya mtoto. Nikivuka tuta, mbele inabaki juu inawaza, mimi nasubiri ishuke ndiyo tuendelee."

"Wewe endesha, springi niachie."

"Haya, Fundi. Ila panda, tukawaze pamoja."

Nilipanda kwa hasira. Kwenye tuta la pili hasira iliisha. Niliuona usukani ukigeuzwa na boneti ikichelewa kufuata, kama mtu aliyeitwa akajifanya hajasikia. Niliporudi nikachukua futi, nikapima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi ukingo wa madigadi, tela likiwa limefungwa, kisha likiwa limefunguliwa. Tela lilikuwa linanyanyua mbele ya gari zaidi ya upana wa vidole viwili. Nikatoa jani moja, nikapima tena. Mkia ulishuka, mbele haikubadilika hata kidogo. Nikalirudisha. Mkia ukapanda, mbele vile vile.

Nilikaa kwenye tairi la akiba nikaona aibu peke yangu. Uzito wa pua ya tela haukai juu ya ekseli kama miwa. Unaning'inia nyuma ya bampa, mbali na ekseli. Ukikandamiza pale, gari linafanya kama ubao uliowekwa juu ya jiwe: nyuma inashuka, mbele inanyanyuka, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinazokata kona na kufanya sehemu kubwa ya breki, zinapoteza uzito wake. Kuongeza jani kunarudisha sura ya gari. Uzito wa mbele haurudi. Mwenye gari anafumba jicho moja, anaona limekaa vizuri, anawasha.

Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi hivi, na hii ndiyo sehemu ninayotaka mwisome mara mbili. Kwanza pima mbele, nyuma baadaye. Pima tela likiwa na kila kitu: maji, mitungi ya gesi, vitanda, viti vya wageni. Kisha hamisha mzigo. Vitu vizito ndani ya tela vikae karibu na ekseli yake, si kwenye pua. Lakini msivirundike nyuma kabisa, pua ikawa nyepesi, maana hapo tela litaanza kuyumba na litalivuta gari kushoto na kulia mpaka dereva aombe. Nilitafuta vyuma vya kugawa mzigo, vile viwili virefu vinavyofungwa chini ya kiungo cha tela na kurudisha sehemu ya uzito kwenye tairi za mbele. Jani niliongeza moja tu, jepesi, baada ya hayo yote. Na shokapu za nyuma nilibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa sababu aliyeandika kitabu hajapita njia ya Mikumi kwenda Kilosa mvua zikiwa zimeisha.

Mbele ikipanda sentimita moja na nusu nilikubali. Zaidi ya hapo nilisema hapana. Hakuna aliyenifundisha kipimo hicho. Nilikipata kwa kupanda na Rajabu mara nyingi mpaka aliposema, "Hapo sasa limekuwa gari." Kila badiliko la springi tulilipima hivyo, mimi na yeye. Kama kuna kazi ninayoionea fahari ni hiyo, na nusu yake ni yake.

Macho yangu ya karibu yalipoanza kunichosha, Bi Anna wa stoo akawa ananisaidia. Mimi nilishika futi chini kwenye kitovu cha gurudumu, yeye akasoma juu kwenye madigadi. Ni mama mkimya, ana mwandiko mzuri, na hakuwahi kukosea namba. Aliniambia siku moja kwamba kazi hii inamkumbusha kumpima mwanawe urefu ukutani. Nikamwambia mwanao anakua, haya yanalala. Ndiyo mara pekee niliyomchekesha.

Namba nilizoandika nyuma ya kadi ya kazi. Mbele ya kadi kuna visanduku viwili: "Liko sawa kwa safari" na "Haliko sawa kwa safari". Nyuma ni karatasi tupu. Nilijihesabu mtu wa utaratibu kwa sababu nilijaza pande zote mbili.

Wiki tatu kabla sijastaafu likaja tela jipya. Lilikuwa kubwa kuliko yote, na aliyelichora aliweka tangi la maji kwenye pua kabisa, juu ya kiungo. Vyuma vyetu vya kugawa mzigo vilikuwa vifupi, havikuingia. Vipya viliagizwa. Pikapu iliyopangiwa ilikuwa na majani matatu kila upande pamoja na lile jepesi, springi nzuri, nilizigonga zote zikalia.

Tukafunga tela, tukajaza maji, mkia ukalala. Meneja, Bwana Elia, akatoka ofisini na simu yake mkononi. Yeye si mtu mbaya wa kupiga kelele. Ni mtu wa kutabasamu na kuangalia saa.

"Fundi, huu mkia vipi? Wageni wakiona picha hii watadhani tumewafungia mkokoteni."

"Mkia si shida, Bwana Elia. Njoo uone mbele."

"Mbele imefanyaje? Mbele iko juu, safi."

"Ndiyo shida yenyewe. Bi Anna, soma."

"Hamsini na tisa," Bi Anna akasoma.

"Na bila tela ilikuwa?"

"Hamsini na nne."

Bwana Elia akatenganisha vidole vyake viwili akavitazama. "Sentimita tano. Fundi, unanisimamishia safari kwa kipande hiki?"

Nilimweleza. Nilimweleza habari ya ubao na jiwe, nikamweleza habari ya tairi za mbele. Nikasema gari linaweza kutoka kesho kutwa kama tangi litakuwa tupu na mitungi ya gesi ikahamishiwa mbele kwenye bodi ya pikapu, ama safari isubiri vyuma vipya.

"Tangi tupu? Wataoga nini, umande?"

"Kambini kuna maji."

"Wameambiwa wataoga ndani ya tela. Fundi, wewe ni mkubwa wangu kwa umri, sitaki tubishane mbele ya watu. Ongeza jani, mkia ukae sawa."

"Jani halitasaidia mbele."

"Yule wa pale barabarani anaongeza jani kwa saa moja na hasomi mtu hotuba. Nimpigie?"

Hapo ndipo nilipokosea, na sitaki kulipunguza. Yule wa barabarani namjua. Anaokota jani la tela la trekta, analitia kwenye moto wa mkaa mpaka linakuwa jekundu, analipinda kwa nyundo na kuliacha lipoe chini. Chuma cha springi ukikifanyia hivyo kinabaki na umbo tu, nguvu yake imeondoka na ule moto. Jani kama hilo hupinda au hukatika. Nikajiambia kwamba kama ni lazima liongezwe, bora liwe langu, zima, baridi, la kipimo chake, na bolti ya katikati mpya. Ni sababu nzuri. Nimeirudia mara nyingi tangu siku ile na kila mara inasikika nzuri, nami simwamini anayeisema.

Nikafunga jani la nne kila upande. Bi Anna akasoma tena, tela likiwa limefungwa: hamsini na tisa. Nyuma ya kadi nikaandika namba zote, nikaandika jani halijabadili mbele, nikaandika tangi lisijazwe. Mbele ya kadi nikatia alama kwenye "Liko sawa kwa safari" na kusaini. Kisanduku cha pili kilikuwepo. Kalamu ilikuwa na wino. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu, na niliona ubishi ni kazi ya vijana. Vijana mlikuwa mmesimama pale mkinitazama mimi.

Rajabu nilimwambia pembeni. "Usijaze maji. Na kona zote nenda kama umebeba mayai."

"Lile jani la nne la nini sasa, Fundi?"

"La Bwana Elia."

Akacheka. Asubuhi ya safari tangi lilijazwa kwa amri ya ofisi. Rajabu aliuliza, akaambiwa fundi amesaini.

Baada ya ajali nilikwenda kuiangalia pikapu kabla sijakwenda hospitali. Ndivyo nilivyo, na mke wangu hajanisamehe hilo. Nililala chini nikagonga majani yote nane. Yalilia. Hakuna uzi wa kutu, hakuna lililosogea, bolti za katikati zimekaa kama nilivyozifunga. Nilitoka chini nikiwa na furaha. Naandika neno hilo kama lilivyokuwa.

Rajabu alikuwa amelazwa chali, mguu umevutwa kwa uzito. Wenzake wodini walikuwa wanasikiliza mpira kwenye redio.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Pole sana, Rajabu."

"Asante. Umeliona gari?"

"Nimetoka huko."

"Springi zilikatika?"

"Hapana. Zote nzima."

Mtu mmoja akashangilia goli. Rajabu akageuza uso ukutani, akasema polepole, "Nilikuwa naomba ziwe zimekatika. Kama hazikukatika, Fundi, basi nimekuwa mimi."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Jani la yule wa barabarani lingepasuka, wangelilaumu jani. Langu lilishika, na kwa kuwa lilishika, aliyebaki kulaumiwa ni aliyekuwa kwenye usukani. Ripoti ilipotoka ilisema hivyo hasa: springi ziko imara, fundi mzoefu alithibitisha gari liko sawa kwa safari, kwa hiyo chanzo ni mwendo wa dereva. Kifaa cha kufuatilia mwendo hakikuwemo. Kilikuwa kimehamishiwa gari lingine, kwa muda. Rajabu anasema alikuwa kwenye arobaini. Wageni walishapanda ndege. Aliachishwa kazi akiwa bado kitandani, na barua ilisomwa na mkewe kwa sababu yeye hakuweza kuinuka.

Ikafika siku yangu ya kuagwa. Mlinipa saa ya ukutani, na Bwana Elia akasimama akasema huyu ndiye fundi ambaye springi yake haijawahi kukatika. Mlipiga makofi. Nami nilikula keki.

Rajabu, alipoweza kukaa, alipeleka malalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi mjini Morogoro. Anachodai ni neno moja litolewe kwenye karatasi zake, mwendo kasi, kwa sababu likibaki hakuna atakayempa gari tena, na hajui kazi nyingine. Nilijitolea kuwa shahidi wake. Nilivaa koti. Mwakilishi wa kampuni, kijana mwenye adabu sana, alinipa karatasi.

"Mzee, saini hii ni yako?"

"Yangu."

"Na alama hii, hapa kwenye 'Liko sawa'?"

"Yangu. Geuza karatasi usome nyuma."

"Hii ni nakala, Mzee. Nyuma haina kitu."

"Basi lete kadi yenyewe."

"Kadi halisi zinahamishwa ofisi. Zinatafutwa."

Msuluhishi, mama mwenye miwani, aliandika zitafutwe. Akauliza kama vipimo vinaweza kurudiwa. Haviwezi. Mbele ya pikapu imekunjamana, na tela lilishatengenezwa liko kazini. Fundi mmoja aliliona juzi Dumila, linavutwa na gari lingine. Vyuma vipya vya kugawa mzigo vilifika wiki moja baada ya ajali na vimefungwa. Nasikia gari linatulia vizuri.

Kwa hiyo chukueni hili kutoka kwangu, kuliko mambo ya springi. Mnachokiandika kwenye karatasi ya ofisi ni mali ya ofisi. Pigeni picha pande zote mbili za kadi, kila siku, kila gari. Simu mnazo, nawaona nazo hata chini ya ekseli. Na alama msiitie kwenye kisanduku mkitegemea maelezo ya nyuma yatawaokoa. Mtu akisoma alama haendelei.

Msuluhishi akaniuliza swali la mwisho. "Kuna mtu mwingine aliyeona hizo namba?"

"Yupo aliyezisoma. Mimi macho yangu hayaoni karibu."

"Ni nani?"

Nikamtaja. Rajabu alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa palepale. Yeye alikuwa na jibu la swali lile tangu mwanzo, na alikuwa ameamua kutolitoa, ili Bi Anna asipoteze kazi.

Bi Anna alinikuta sokoni Mikumi Jumamosi, ameshika kikapu cha nyanya. Hakunisalimia kama kawaida yake.

"Fundi, umenitaja."

"Nimekutaja, Bi Anna."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza. Nisamehe."

"Wewe umestaafu. Mimi Jumatatu saa moja asubuhi niko stoo, na Bwana Elia anapita mlangoni pangu kwenda chai."

"Rajabu ana watoto watatu, Bi Anna."

"Usinihesabie watoto, Fundi. Na mimi ninao."

Nilijua sina haki ya kuendelea, nikaendelea. Nikamuuliza kama anaikumbuka ile namba. Akasema anaikumbuka. Nikamuuliza ilikuwa ngapi.

"Nimesema naikumbuka," akajibu, akachagua nyanya mbili kwa muuzaji, akaondoka.

Sijamwona tena. Kikao kinachofuata ni Jumanne. Rajabu atatoka Kilosa kwa basi la kwanza, na magongo yake, kwa sababu anasema akichelewa watasema tena ni mwendo. Barua ya kumwita Bi Anna ilipelekwa kampuni, na karani wa msuluhishi ameniambia imepokelewa. Nilimwomba anionyeshe kitabu cha kupokelea barua, akanionyesha. Aliyesaini kuipokea ni Bwana Elia.